Tunamtafuta akalati wa Iringa toka mwezi wa sita hatumwoni, ameshaisha Mufindi?

"Shikamoo mtaalamu. Sisi ni vijana saba wa huku Mufindi, tunakaa karibu na mashamba ya chai na kuna kipande cha msitu wa asili hakijakatwa. Mwaka jana alipita mgeni mmoja na kitabu akatuonyesha ndege anaitwa akalati wa Iringa, akasema yupo hukuhuku kwetu na dunia nzima hapatikani kwingine, basi tukaamua tumtafute na ikiwezekana baadae tuwe tunaongoza wageni. Toka mwezi wa sita kila jumamosi tunaingia msituni kama saa tatu asubuhi ukungu ukishapungua. Tumepakua sauti yake tunaipiga kwa spika ya bluetooth lakini hajibu. Mwezi wa nane tulisikia ndege akiimba tukarekodi kwa simu, programu ikatoa jina moja, tulivyokata kipande cha rekodi hiyohiyo ikatoa jina lingine, na hakuna hata moja lililokuwa lake. Mzee mmoja anasema hao ndege waliisha zamani msitu ulipokatwa. Mwenzetu anashauri tutege ulimbo, tukimnasa tumpige picha tumuachie, au tuchange tununue spika kubwa zaidi. Na kijijini wameanza kusema tunatafuta madini. Je bado yupo? Tufanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, na wenzako hao sita wape kamwene yangu. Nimelisoma swali lako na kurudia maana ndani yake kuna maswali kama manne yamefungwa pamoja, na lile kubwa, kwamba bado yupo au ameisha, haliwezi kujibika mpaka hayo mengine yakae sawa. Kwa kifupi ni hivi: katika yote uliyoniandikia hakuna hata kimoja kinachoonyesha kwamba ndege ameisha. Mmemtafuta miezi ambayo anakaa kimya, saa ambazo hata angekuwa anaimba angekuwa ameshamaliza, mko watu saba, na spika mkononi. Hata msitu huo ungekuwa umejaa akalati, kwa mwendo huo mngetoka mikono mitupu tu. Kuhusu ulimbo jibu ni hapana, nitafika huko.

Kwanza tumjue tunayemtafuta. Akalati wa Iringa, kitaalamu Sheppardia lowei, aliingia kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1941, na mgeni wenu alisema kweli kwamba nje ya Tanzania hayupo kabisa. Ila msidhani yupo Mufindi peke yake, yupo pia upande wa Udzungwa na kwenye misitu ya milimani Njombe, kwahiyo ni ndege wa nyanda zetu hizi za juu kusini kwa ujumla. Ni mdogo, kama sentimita 14 toka mdomo mpaka ncha ya mkia, mgongoni kahawia yenye uzaituni, kooni na kifuani rangi ya chungwa iliyopauka, katikati ya tumbo mweupe, basi. Hana buluu, hana doa linalong'aa, hana mstari mkali juu ya jicho. Anaishi chini kwenye giza la msitu, anatua kwenye kijiti cha usawa wa goti au kiuno, anatulia tuli, ghafla anashuka ardhini kuokota mdudu, anarudi kijitini au anahamia kingine. Watu wengi wanamkosa kwa sababu wanatazama juu kwenye matawi ambako ndege wengine wanachezacheza, wakati yeye yupo mita chache mbele ya magoti yao.

Na kuna ndugu zake na majirani zake ambao watawadanganya. Akalati wa Sharpe naye yupo kwenye misitu ya milima yetu, umbo lilelile, lakini yeye ana kimstari cheupe kifupi kati ya mdomo na jicho, ukikiona hicho huyo siye. Kuna robini mwenye nyota nyeupe, huyu ni wa kawaida sana kwenye misitu ya baridi, mkubwa wake hamuwezi kumkosea maana kichwa ni cha kijivubuluu na chini ni njano kali, tatizo ni vijana wao ambao bado wana rangi ya uzaituni na njano iliyofifia, hao wamewapotosha watu wengi wenye haraka. Yupo alethe mwenye kifua cheupe, huyo ni mkubwa zaidi na chini mweupe kabisa, naye anapenda kukaa chini. Halafu pembezoni, kwenye chai na kwenye bustani za nyumba, kuna robini wa Cape mwenye mstari mweupe juu ya jicho, nitamrudia huyu tukifika kwenye rekodi yenu. Mkiwajua hawa wanne vizuri, kwa macho na kwa sauti, kazi yenu imeshafika nusu, na hawa mnaweza kuwaona wiki hii hii bila kusubiri bahati.

Sasa kwa nini amekuwa kimya. Ndege haimbi kwa sababu ana furaha, ingawa tunapenda kusema hivyo. Kuimba ni kazi na ina gharama: dume anatumia nguvu, anaacha kula kwa muda huo, na anajitangaza kwa kila kipanga na kila nyoka aliye karibu. Anaikubali gharama hiyo pale tu ambapo kuna faida, yaani wakati wa kushika eneo na kupata jike. Kwenye milima yetu ndege wengi wa msituni wanaokula wadudu wanazaliana kuanzia kama mwezi wa tisa au wa kumi kwenda Desemba, joto linaporudi na mvua za kwanza zinapolainisha ardhi na wadudu kuongezeka, maana hapo ndo kuna chakula cha kulea makinda. Ndani ya mwili wa dume homoni zinapanda na wimbo unarudi. Msimu ukiisha zinashuka, na mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Mufindi mnaijua wenyewe, ndege mdogo kama huyo anahangaika na tumbo lake tu, hana cha kutangaza. Kwahiyo jumamosi zenu zote za mwezi wa sita, wa saba na wa nane mlikuwa mnasikiliza redio iliyozimwa. Si kosa lenu, ndo muda wa kiangazi ambapo njia zinapitika na watu wana nafasi, lakini ukimya wa miezi ile msiuhesabu kama ushahidi wa chochote.

Na saa pia. Saa tatu ukungu ukiwa umepungua ni saa nzuri kwa mpiga picha, kwa ndege wa chini ya msitu umechelewa. Wimbo mwingi unatoka kabla jua halijapanda, wakati bado ni giza mno kuona wadudu vizuri, upepo umelala na sauti inasafiri mbali. Jua likishapanda upepo unaanza, majani yanapiga kelele, wadudu nao wanaanza za kwao. Tena jamii ya akalati si waimbaji wa makelele, sauti yao ni ya chini chini, inayeyuka haraka kwenye majani, na kuna wakati unaisikia kama inatoka kushoto kumbe ndege yuko mbele yako. Msituni sauti nyembamba za juu zinapigwapigwa na majani na vigogo kila upande, zinakufikia zimevurugika, ndo maana mnazunguka kuitafuta na kila mmoja ananyoosha kidole upande wake. Mkae mahali pamoja, mtulie, muiache ijirudie, sikio litapata mwelekeo lenyewe.

Nije kwenye spika, hapa nitakaa kidogo. Najua inatumika sana, hata waongozaji wanaolipwa hela nzuri wanaitumia, na ninyi mmeiga kwa wakubwa. Lakini elewa inachofanya. Dume akisikia wimbo wa dume mwingine ndani ya eneo lake hajui kwamba kuna vijana wamekuja kumtazama kwa upendo, kwake yeye ni mtu amesimama mlangoni usiku anapiga kelele kwamba nyumba hii ni yangu na mke ni wangu. Anaacha alichokuwa anafanya. Kama alikuwa analisha makinda, makinda yanasubiri kwenye baridi. Akitafuta mvamizi hamwoni, akitulia mnapiga tena. Siku moja haitamuua, lakini kipande cha msitu kidogo chenye jozi chache, kila jumamosi, msimu mzima, hapo ama anazoea na kuacha kujibu kabisa hata mvamizi wa kweli akija, ama anahama kwenda sehemu mbaya zaidi. Na siku wageni wakianza kuja kwa ajili ya huyo ndege, kila mgeni na spika yake, mtakuwa mmemaliza mtaji wenu wenyewe.

Mbali na huruma kuna sababu ya kiufundi kabisa. Nje ya msimu hajibu, hilo mmeshaliona. Ndani ya msimu mara nyingi anajibu kwa kuja kimyakimya kuangalia, anatua nyuma yenu kwenye kijiti akiwatazama mgongoni, na ninyi mnasikiliza spika, hamumsikii wala hamumwoni. Zaidi ya hapo watu saba wakitawanyika msituni, mmoja anapiga spika, mwingine mita mia mbali anarekodi "ndege" ambaye ni spika ya mwenzake, akija kutuma rekodi hiyo sisi tunashindwa kabisa kujua kilicho halisi. Kwahiyo spika kubwa zaidi itaongeza kila tatizo nililolitaja na haitaongeza ndege hata mmoja. Hela hiyo changeni mnunue darubini moja ya kawaida, yenye kuandikwa 8x32 au 8x42, hata iwe ya mtumba, mradi vioo havina ukungu ndani. Zile zilizoandikwa 12 au 16 msizibebe, msituni mkono ukitikisika kidogo huoni kitu.

Ulimbo sasa. Ule utomvu ukishagusa manyoya hautoki kwa kupangusa, na manyoya ya bawa ndiyo kila kitu cha ndege. Mtamuachia, ataruka mita kumi, mtafurahi, na usiku huo baridi itapita kwenye manyoya yaliyoshikana afe mahali ambapo hamtamwona. Wengine wanakufa mkononi palepale kwa mshtuko, moyo wa ndege mdogo unakwenda kasi sana hata akiwa ametulia. Tena ulimbo hauchagui, mkitega kumi mtanasa chozi, mtanasa robini, mtanasa kila kitu. Na kisheria, kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, ukisema "tulitaka picha tu" haitakusaidia. Watafiti wanaokamata wanatumia nyavu nyembamba maalum, wana vibali vya COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), wamefundishwa kushika ndege, na wanakagua nyavu kila baada ya muda mfupi. Mwambieni mwenzenu kwamba ari yake naipenda, aielekeze kwenye kurekodi sauti, huko tunamhitaji.

Maana rekodi yenu ya mwezi wa nane ndo kitu kilichonifurahisha zaidi kwenye barua yako yote. Programu za kutambua sauti hazisikii kama sikio la mtu, zinageuza sauti kuwa picha, mistari ya juu na chini kadiri muda unavyokwenda, halafu zinalinganisha picha hiyo na maelfu ya picha zilizofundishwa. Ndege wa kawaida ana rekodi nyingi za kufundishia, ndege adimu wa milima michache ya Tanzania ana chache mno, kwahiyo mashine ikiwa na wasiwasi inaegemea kwa anayejulikana. Ukikata kipande, kelele ya pembeni inabadilika, mwanzo wa wimbo unapotea, na yenyewe inabadili mawazo. Kwahiyo programu kusema si yeye haimaanishi si yeye, na hata siku itakaposema ni yeye bado haitakuwa ushahidi, ni dokezo la kuwafanya msikilize tena. Halafu kuna yule robini wa Cape niliyemtaja: huyu anaiga sauti za ndege wengine, anaweza kuchomeka kipande cha wimbo wa jirani katikati ya wimbo wake, na anapenda hasa kingo za msitu zilizopakana na chai. Ukirekodi sekunde kumi kingoni mwezi wa nane, mimi wa kwanza kumshuku ni yeye.

Safari ijayo rekodini kwa muda mrefu, dakika mbili tatu bila kukata. Simu iwe kwenye hali ya ndege (airplane mode) isiingie ujumbe, ishikwe kwa kutulia au iwekwe juu ya gogo, koti lisiguse. Mwisho wa rekodi, hapohapo, sema kwa sauti tarehe, saa, mahali, kama kuna upepo, na kama ulimwona ndege au hukumwona. Mkitaka kuituma kwa mtu msiitume kama sauti ya kawaida ya WhatsApp kwa sababu inabanwa na vile vimistari vidogo tunavyovihitaji vinapotea, itumeni kama faili, kwa njia ile ile mnayotuma nyaraka.

Mzee wenu mheshimuni, hajasema uongo, amesema nusu. Ni kweli misitu ya Mufindi ilikatwa sana kupisha chai toka enzi za mkoloni, na baadae misonobari na mikaratusi ikaongezeka, shamba la Sao Hill peke yake ndo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya kupandwa nchini. Kwa macho ya mtu anayepita barabarani ni kijani kitupu, kwa akalati kivuli cha misonobari ni sawa na uwanja mtupu, hakuna majani yaliyooza yenye wadudu wake, hakuna vichaka vya kujificha. Na hawa ndege wa sakafu ya msitu wana tabia moja inayowaponza, hawapendi kuvuka uwazi. Hondohondo ataruka juu ya chai bila wasiwasi, akalati anaweza kubaki kipande chake maisha yake yote hata kama msitu mwingine unaonekana ng'ambo. Tafiti za muda mrefu za kule Usambara zimeonyesha kwamba ndege wa aina hii wanapungua taratibu kwenye vipande vidogo hata baada ya ukataji kusimama, maana jozi moja ikifa hakuna anayekuja kujaza nafasi. Kwahiyo inawezekana kipande chenu kimebaki na wachache sana. Inawezekana pia wapo vizuri. Hilo ndo linalofanya kazi yenu iwe na maana, hakuna mtu mwingine anayelala karibu na msitu huo akiwa na nia ya kujua.

Tena wazee ni hazina mkijua kuwauliza. Kipunji, yule kima wa mlima Rungwe, wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamjua kwa jina lake kabla watafiti hawajamwona mwaka 2003. Kware wa Udzungwa alijulikana kwa sayansi mwaka 1991 baada ya watafiti kushtukia miguu ya ajabu kwenye sufuria ya mboga kambini. Kosa linalofanyika ni kumwonyesha mzee picha na kumuuliza "huyu mmeshawahi kumwona?", mtu mwenye adabu zake atakujibu ndiyo ili usiondoke mnyonge, au atakujibu hapana ili umalize. Mfiche picha. Muulizeni ni ndege gani wanaofuata siafu wakitembea, wanakaa wapi, wanalia saa ngapi, makinda yao yana rangi gani. Akianza mwenyewe kueleza kadege kadogo ka kahawia chenye kifua cha chungwa kanakaa chini, hapo mmepata kitu.

Na siafu ndo ufunguo wangu kwenu. Siafu wakitoka kuwinda wanatandaza jeshi sakafuni na kila mdudu, kila buibui, kila panzi anakimbia mbele yao, ndege wa chini wanalijua hilo na wanakuja kujipangia mbele ya jeshi kuokota wanaokimbia. Hapo ndege ambaye siku nyingine humwoni kabisa anakuwa na shughuli, hakujali sana. Mkikuta jeshi la siafu msilikatize, chomekeni suruali ndani ya soksi, rudini nyuma mita kama kumi, mkae chini mbele kidogo ya linakoelekea, mtulie nusu saa. Msiende saba. Nendeni wawili au watatu, wengine waende kipande kingine au jumamosi nyingine, nguo za kijani iliyokolea au kahawia, na yale makoti ya mvua yanayokwaruza yabaki nyumbani. Muwe mmeshakaa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Msisafishe njia wala kufyeka ili muone vizuri, vile vichaka mnavyotaka kufyeka ndo nyumba yake.

Tufanye hesabu kidogo, usichoke. Tuseme ndege yupo, na kila mkienda kwa namna sahihi mna nafasi moja kati ya nne ya kumwona au kumsikia, huu ni mfano tu. Kwenda mara tano na kumkosa zote bado kunatokea karibu mara moja katika kila nne. Mkienda mara kumi na kumkosa zote, hilo linashuka mpaka kama asilimia 6. Mara kumi na tano, kama asilimia 1. Unaona? Kutokumwona mara tatu nne hakusemi kitu, kutokumwona mara kumi na tano ndani ya msimu, alfajiri, mmetulia, kumeandikwa, kunasema kitu kikubwa sana. Lakini ni pale tu mkiandika. Kila safari daftarini: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mlikuwa wangapi, hali ya hewa, mlikaa wapi, ndege wote mliowatambua, na kama akalati hayupo andikeni hayupo. Watu wanaona aibu kuandika sifuri. Mimi nikipewa kuchagua kati ya picha moja nzuri ya bahati na daftari la msimu mzima lenye sifuri nyingi, nachukua daftari, kwa sababu picha inaniambia siku moja alikuwepo na daftari linaniambia msitu huo unaendeleaje. Orodha zenu mnaweza kuziingiza bure eBird, mtandao wa kuweka kumbukumbu za ndege. Pia kuna Atlasi ya Ndege wa Tanzania, hiyo imegawa nchi kwa miraba ya nusu digrii, kwahiyo taarifa inaingia bila kumuonyesha kila mtu kichaka chenyewe kilipo, na mimi ningependa mfanye hivyohivyo, mkimpata msirushe lokesheni kamili kwenye magrupu, taja wilaya inatosha, wale wanaohitaji kujua zaidi wapeni faragha.

Kuhusu kuongoza wageni, wazo ni zuri na si ndoto, ila msilitegemeze kwa ndege mmoja. Mgeni akija siku mbili anataka kuona ndege wengi, na mwongozaji anayemfahamu kila ndege wa kawaida kwa sauti anapendwa kuliko anayejua siri moja. Mkiwa na nafasi ya safari, Udzungwa ingewafundisha mengi lakini gharama na kutembea vyote ni vizito kwa vijana mnaoanza, mimi ningewashauri kwanza hifadhi ya Kitulo, tena kati ya Novemba na mwezi wa pili maua yakiwa yametoka, mkamwone mbayuwayu wa buluu anayekuja kuzaa kule kwenye nyasi halafu anaondoka baridi ikianza, naye ni adimu duniani na anaonekana wazi bila kuviziwa. Macho yakizoea kule, mtarudi Mufindi mkiwa watu wengine.

Msikae na maneno ya madini. Kabla ya safari nyingine nendeni kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, mkiwa na darubini na daftari lenu, waelezeni mnachofanya, mwombeni hata mjumbe mmoja aje siku moja. Kama kipande hicho kiko chini ya kampuni ya chai, ruhusa ni ofisi yao, kama ni hifadhi ya msitu ni TFS, wakala wa misitu wa serikali, na ruhusa iwe ya maandishi mfukoni. Mtu asiingie peke yake, na nyumbani wajue mmeingilia wapi na mtatoka saa ngapi, ukungu wa Mufindi unaweza kukugeuza mwelekeo ndani ya dakika chache.

Kuna mambo ambayo msingoje ushauri wa maandishi. Mkikuta miti ya asili inakatwa au mitego imetegwa, msigombane na mtu msituni, ondokeni mkaripoti kwa mtendaji au ofisi ya maliasili ya wilaya. Mkikuta ndege ameumia, mwiteni afisa wanyamapori wa wilaya, msimfungie ndani. Na mkipata rekodi au picha ambayo ninyi wenyewe, baada ya kuwaondoa wale wanne mmoja mmoja, bado mnaona ni yeye, hapo tafuteni mtu aje asimame nanyi mahali penyewe, mtu wa idara ya wanyamapori pale SUA, chuo kikuu cha Sokoine Morogoro, au mwongozaji mzoefu wa Udzungwa, kwa sababu ndege adimu anathibitishwa msituni na wala si kwa kubishana kwenye simu. Ile rekodi ya mwezi wa nane nitumie yote kama ilivyo, kile kizima, siyo kipande mlichokata, na uniandikie mlikuwa mita ngapi toka kwenye chai.